Banda la wazi, gereji ya ubavuni au gereji ya uani: pikapu kubwa ilale wapi?

Chukua pikapu, iegeshe mahali tambarare, fungua milango yake yote minne na ushushe mlango wa nyuma wa bodi. Sasa zungusha kamba pande zote, ukiacha nafasi ya mtu kupita bila kupangusa vumbi la gari kwa nguo zake. Mstatili huo wa kamba ndio ukubwa wa chumba unachotaka kujenga. Wengi hufanya kinyume: husoma urefu na upana kwenye kitabu cha gari, wakaongeza sentimita kidogo, wakampa fundi. Siku ya kwanza gari huingia vizuri kabisa. Anayekwama ni dereva, maana mlango haufunguki vya kutosha kumtoa.

Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya aina ya jengo, tukubaliane kwamba gereji hupimwa kwa mtu anayeshuka. (Na gereji hapa ni chumba cha kulaza gari nyumbani, si ile ya makenika.) Njia ziko tatu: banda la wazi, yaani paa juu ya nguzo, gereji ya ubavuni, iliyoshikana na nyumba, na gereji ya uani, inayosimama peke yake. Nimewahi kuona kila moja ikifanya kazi vizuri, na kila moja ikimtesa mwenye nyumba aliyeichagua kwa sababu zisizo zake.

Vigezo vya kupimia

Anza na urefu, kwa sababu ndio unaowaangusha wengi. Pikapu za ukubwa wa kati si tatizo kubwa: Toyota Hilux ya dabo kebini ina takriban mita 5.3, Ford Ranger iko karibu hapo hapo. Ukipanda daraja moja, mambo hubadilika. Ford F-150 ya kebini kubwa na bodi fupi ina karibu mita 5.9, na Ram 1500 na Chevrolet Silverado 1500 za umbo hilo zinalingana nayo. Toyota Tundra ya bodi ndefu hufika mita 6.4, na Ford F-350 ya milango minne yenye bodi ya futi 8 inapita mita 6.7.

Sasa tazama ramani nyingi za gereji. Futi 20 ni kipimo kilichozoeleka sana, nacho ni mita 6.1. Kikiwa kimepimwa kwa nje, toa unene wa kuta mbili za sentimita 15, ndani inabaki mita 5.8. F-150 haiingii. Hata kama ni mita 6.1 za ndani kamili, unabaki na sentimita 20 za kugawana mbele na nyuma. Ongeza bampa la chuma la mbele au ndoano ya kuvutia tela, na mlango haufungi tena. Mimi kwa pikapu ya mita 5.9 nisingekubali urefu wa ndani chini ya mita 7, na ningetafuta 7.5 ili mtu apite mbele na mlango wa bodi ushuke huku mlango wa gereji umefungwa.

Upana una vipimo viwili, na watu huvichanganya. Upana wa chumba hupimwa kwa milango ya gari. Upana wa mlango wa gereji hupimwa kwa vioo vya pembeni. F-150 ina mwili wa takriban mita 2.03, lakini vioo vikiwa wazi inafika 2.43. Mlango wa futi 8 ni mita 2.44. Sentimita moja! Mtu mwenye mkono mtulivu sana anaweza kuipitisha bila kukunja vioo, lakini hakuna anayetaka kufanya mtihani huo kila jioni. Mlango wa mita 2.74 unakuachia kama sentimita 15 kila upande, na wa mita 3 unakuachia karibu mara mbili ya hizo. Ndani, kwa gari moja, mita 4 ni mwanzo mzuri. Kwa pikapu mbili usishuke chini ya 7.

Kimo ni rahisi zaidi. Pikapu kubwa za kawaida huwa chini kidogo ya mita 2 au zinagusa hapo, hivyo mlango wa mita 2.13 unatosha mpaka siku utakapoweka keria, kuinua springi au kuvaa matairi makubwa. Mlango wa mita 2.4 unaondoa wasiwasi huo. Dari nayo iwe juu zaidi ya mlango, kwa sababu nitakazozieleza kwenye milango.

Vigezo vitatu vilivyobaki ni njia ya kuingilia, usalama wa moshi na moto, na ulinzi wa gari dhidi ya hali ya hewa na wezi. Njia ya kuingilia ndiyo husahaulika. Pikapu ndefu ina umbali mkubwa kati ya tairi za mbele na za nyuma, F-150 ya kebini kubwa ina karibu mita 3.7, kwa hiyo inakata kona kwa uvivu. Inahitaji mita 7 au zaidi za moja kwa moja mbele ya mlango ili inyooke kabla ya kuingia. Mlango mpana haumsaidii dereva anayefika akiwa amekaa mshazari.

Banda la wazi

Nafasi. Hapa banda lina ujanja ambao gereji za kuta hazina: milango ya gari inafunguka kupita mstari wa nguzo. Ukizipanga nguzo ziangukie mbele ya milango ya mbele na nyuma ya milango ya nyuma, upana wa mita 3.3 kati ya nguzo unaweza kukupa starehe ya chumba cha mita 4. Urefu pia husamehe. Bodi ikitokeza nusu mita nje ya paa, haifurahishi mvua ikinyesha, lakini gari limelala. Fundi akiziweka nguzo kwa umbali sawa sawa ili zipendeze, bila kuangalia gari, ujanja wote umepotea: nguzo moja itasimama katikati ya mlango wa dereva kama mlinzi.

Kuingia na kutoka. Hakuna mlango, kwa hiyo hakuna cha kugonga isipokuwa nguzo. Banda linaweza kuachwa wazi mbele na nyuma, gari lipite moja kwa moja bila kupiga rivasi, jambo la maana sana kwa anayevuta tela.

Moshi na moto. Hewa inapita, na hapo banda linazishinda gereji zote mbili. Gari lililolowa pia hukauka upesi. Ndani ya gereji isiyo na matundu ya hewa unyevu hukaa na chuma kikala kutu polepole. Watu hudhani chumba kilichofungwa ndicho kinacholinda chuma siku zote. Sivyo.

Ulinzi. Jua la utosini linazuiwa, jua la jioni halizuiwi. Mvua ya upepo inaingia. Vifaa ndani ya bodi vinaonekana na kila apitaye. Halafu kuna upepo wenyewe: paa jepesi lisilo na kuta hushikwa na upepo kutoka chini na kunyanyuliwa kama mwavuli. Uzito wa mabati si tatizo, tatizo ni kulizuia lisipae. Nguzo zifungwe kwa boliti kwenye misingi ya zege yenye uzito wa kutosha, na kenchi zishikwe kwa vyuma kwenye nguzo, siyo kwa misumari miwili ya upendeleo.

Linamfaa nani? Mwenye uwanja ulio ndani ya uzio, anayetoka na kurudi mara nyingi kwa siku, asiyeacha vifaa vya thamani kwenye bodi. Linamfaa pia asiyejua gari lake lijalo litakuwa la ukubwa gani.

Gereji ya ubavuni

Nafasi. Nyumba ndiyo inayoamua. Ikiwa nyumba bado iko kwenye karatasi, basi una bahati: sukuma ukuta wa mbele mita moja nje sasa, kwa sababu kuusukuma baadaye kunagusa msingi, paa na mifereji. Ikiwa nyumba imeshajengwa na gereji yake ni ya mita 6, kuna njia ya kutokeza sehemu ya mbele tu, au kuchimba ukuta wa nyuma ili pua ya gari iingie kwenye kijichumba cha nusu mita. Njia zote mbili zinataka mhandisi aangalie, hasa kama kuna ghorofa juu. Mlango wa mita 5 kwa ajili ya magari mawili unataka linta inayobeba kila kilicho juu yake bila nguzo ya kati, na hiyo haitengenezwi kwa kukisia nondo.

Upana nao hudanganya. Ngazi mbili za kupandia mlango wa jikoni, mtungi wa maji ya moto, mashine ya kufulia: kila kimoja hula sentimita 60 au zaidi, na vyote huwa upande ule ule ambao abiria anashukia. Nilipopima pikapu yangu mara ya kwanza nilihesabu kila kitu isipokuwa ngazi. Abiria wangu hushukia nje, kabla sijaingiza gari.

Kuingia na kutoka. Mara nyingi gereji ya namna hii inatazama barabara, hivyo njia ni fupi na imenyooka. Ubaya wake ni kwamba fupi inaweza kuwa fupi mno: gari la mita 5.9 likisimama mbele ya mlango kusubiri ufunguke, mkia wake uwe bado ndani ya kiwanja chako.

Moshi na moto. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo familia inapolala. Moshi wa injini una monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo hupenya kwenye nyufa za mlango na dari. Kuwasha injini ili ipate moto ndani ya gereji ya ubavuni ni hatari hata mlango mkubwa ukiwa wazi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni, kwa hiyo kitu chochote chenye mwali au cheche kisikae chini. Kanuni za nyumba za makazi zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani ni kielelezo kizuri hata kwa asiyeishi huko: vyanzo vya cheche viinuliwe karibu sentimita 45 kutoka sakafuni, mlango wa kuingilia nyumbani uwe mzito, mbao ngumu isiyopungua kama milimita 35 au wa kuhimili moto kwa dakika 20, ukuta unaotenganisha ufunikwe na jipsamu ya karibu milimita 13, na gereji isifunguke moja kwa moja kwenye chumba cha kulala. Ongeza sakafu ya gereji iwe chini kidogo ya sakafu ya nyumba, na mteremko wa kuelekea mlango mkubwa, ili mafuta yanayomwagika yaende nje. Kengele ya kutambua monoksidi ya kaboni upande wa nyumbani ni kitu kidogo. Usijenge bila hiyo.

Ulinzi. Hakuna ubishi, ni bora kuliko banda. Gari liko ndani, mizigo inashushwa bila kulowa, usiku hutoki nje. Waya wa umeme ni mfupi, jambo linalohesabika ukifikiria pikapu ya umeme. F-150 Lightning, kwa mfano, ina urefu ule ule wa mita 5.9 lakini uzito wake ni karibu tani 3, hivyo sakafu nayo iulizwe swali hilo: zege ya sentimita 10 iliyozoeleka kwa gari dogo ningeipandisha hadi 12 au 15, ikiwa na wavu wa chuma ndani na udongo ulioshindiliwa vizuri chini.

Inamfaa nani? Anayejenga nyumba mpya, mwenye watoto wadogo au wazee wa kushuka nao, anayebeba mizigo ya nyumbani kila siku, na aliye tayari kugharamia ukuta, mlango na hewa ya kutenganisha gari na watu.

Gereji ya uani

Nafasi. Unachagua mwenyewe. Urefu wa mita 9, kimo cha mita 3.5, meza ya kazi mwisho wa chumba, hakuna dari ya chumba cha kulala inayokubana. Mwenye pikapu ya bodi ndefu au yenye kasha juu ya bodi mara nyingi hana njia nyingine ya maana. Kinachombana ni mipaka ya kiwanja: sheria za ujenzi za eneo lake husema jengo likae umbali gani kutoka kwenye mpaka na liwe na kimo gani, na hilo liulizwe kabla ya kuchora.

Kuingia na kutoka. Hapa ndipo uhuru ule unapolipiwa. Gari linapita ubavuni mwa nyumba, linapinda kona, ndipo lifike. Njia ya mita 3 inatosha palipo nyooka. Penye kona pikapu ndefu inataka zaidi, kwa kuwa tairi za nyuma hupita ndani ya alama za tairi za mbele na kukanyaga maua au kusugua kona ya nyumba. Mduara wa kugeuza pikapu kubwa unaweza kukaribia mita 15 kwa kipenyo. Chora njia kwa chokaa ardhini, kisha ipite kwa gari lenyewe kabla ya kumwaga zege. Kama uwanja unaruhusu, weka milango miwili, mbele na nyuma. Mwenye tela atakushukuru kila siku.

Moshi na moto. Ni salama zaidi kwa waliolala kuliko ya ubavuni, maana ukuta wa nyumba hauhusiki. Lakini anayefanya kazi ndani yake anabaki na hatari zile zile, hivyo matundu ya hewa ya chini na ya juu ni lazima.

Ulinzi. Gari linalindwa vizuri, ila jengo liko mbali na macho. Mlango imara na taa ya nje ni sehemu ya bei. Umeme unachimbiwa mtaro. Na kila usiku wa mvua kuna mwendo wa kutoka garini hadi mlangoni, jambo linaloonekana dogo kwenye ramani na kubwa ukiwa na mtoto aliyelala begani.

Inamfaa nani? Mwenye kiwanja kirefu, fundi wa nyumbani, mwenye gari zaidi ya moja au tela, na yule ambaye nyumba yake iliyopo haikubali kuongezwa.

Mlango, kwa ufupi

Banda halihusiki hapa. Kwa gereji mbili zilizobaki, mlango wa vipande unaopanda darini ndio unaoacha nafasi nzuri mbele, lakini unataka sentimita 30 au 40 juu ya linta, na reli zake hukaa pale pale ambapo ungeweka taa. Mlango wa kujiviringisha hauhitaji reli darini, ila mviringo wake hukaa juu ya linta na una unene wake. Ukitundikwa ndani kwenye chumba chenye dari ya chini, ndio unaopunguza kimo. Milango miwili ya bawaba haihitaji chochote juu, inadumu na inatengenezeka popote, lakini inataka uwanja mtupu mbele yake na kabari siku ya upepo. Wa kuteleza pembeni unaomba ukuta mtupu wenye upana sawa na wake.

Ukiweka mota, usikubali iliyokosa macho ya mwanga karibu na sakafu yanayorudisha mlango kikikatiza kitu. Marekani kinga ya namna hiyo ni ya lazima kwa mota za nyumbani tangu 1993, na sababu yake ni watoto.

Ukiwa na hali hii

Kama nyumba haijaanza kujengwa na kiwanja ni cha wastani, fikiria kwanza ya ubavuni, na pigania mita 7 za ndani kabla ya kupigania sebule. Kama nyumba imeshasimama na gereji yake ni fupi, linganisha gharama ya kuirefusha na ya kusimamisha banda mbele yake. Mara nyingi banda linatatua tatizo na gereji ile inageuka stoo nzuri.

Kama unafanya kazi za mikono na uani ni pana, nenda uani, mradi umeshapitisha gari lenyewe kwenye alama za chokaa. Kama uani ni pana lakini njia ya kufikia ni finyu, usijidanganye kwamba utazoea. Labda hutazoea, na kona ya nyumba itabeba ushahidi.

Kama tatizo ni wizi, banda peke yake halitoshi, hata likiwa zuri namna gani. Kama tatizo ni jua tu, gereji ya kuta nne ni kutumia nguvu nyingi.

Na kama pesa haitoshi mwaka huu au hujui utaendesha gari gani baada ya miaka mitano, mwaga jamvi la ukubwa kamili, mita 4.2 kwa 7.5, lenye msingi wa ukuta pande zote. Simamisha nguzo na paa, dari ikiwa juu ya kutosha kupokea mlango wa mita 2.4. Pitisha bomba tupu la waya chini kabla ya kumwaga zege. Upande wa mbele acha upana wa mita 3 bila nguzo. Kuta zitakuja zenyewe siku ukiwa tayari, na wakati huo gari liko kivulini.